Joto Lauapo Kimya Mjini

Wewe uliye kijijini walijua jua kali. Saa sita likiwa utosini, waacha jembe na kwenda kukaa chini ya mwembe. Nyumba yako ya udongo na nyasi yakupokea kwa ubaridi, na usiku ukiingia walala. Lakini mtoto wako aliyekwenda mjini kutafuta kazi, yeye yu hali gani? Amepanga chumba kimoja cha paa la bati. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, na mti hauonekani. Basi leo tuzungumze habari ya joto la mjini, na jinsi mji mmoja ulivyojifunza kupambana nalo.

Kwa nini mji huwa na joto kupita shamba? Lami na saruji hunywa jua mchana kutwa, kisha usiku hulitema polepole. Miti imekatwa, nao mti hufanya kazi mbili, hutia kivuli, na majani yake hutoa mvuke unaopoza hewa. Juu ya hayo kuna joto la magari na mashine. Kwa hiyo mtu wa mjini hapati nafuu hata usiku, na mwili usiopumzika usiku huianza kesho yake ukiwa umekwisha kuchoka.

MAUTI YA AHMEDABAD

Upande wa magharibi wa Bara Hindi uko mji uitwao Ahmedabad, wenye watu mamilioni. Mwezi wa Mei 2010 joto lilipanda hata kufika digrii 46.8 za sentigredi. Mwezi ule walikufa watu 1,344 zaidi ya desturi ya mwezi wa Mei. Hapakuwa na mafuriko, wala tetemeko, wala vita. Joto halivunji nyumba. Mgonjwa wa moyo akifa, watu husema ni moyo. Mzee akifa, husema ni uzee. Hesabu hiyo ilipatikana baadaye, wataalamu walipolinganisha vifo vya mwezi ule na vya miaka mingine.

Katika hospitali moja ya mji huo, wodi ya watoto wachanga ilikuwa orofa ya juu kabisa, chini ya paa lililochomwa na jua. Wachanga waliletwa wakiwa na miili ya moto. Kumbe si homa, ni joto! Wodi ikahamishiwa chini, na wagonjwa wa namna ile wakapungua. Dawa ilikuwa kuhamisha vitanda.

MPANGO WA 2013

Wakuu wa mji hawakungoja msiba wa pili. Mwaka 2013 walianza mpango wa joto, wakishauriana na waganga na wataalamu wa hali ya hewa. Joto kali likitazamiwa, mji hutangaziwa siku chache mbele kwa rangi: manjano, chungwa, na nyekundu kwa siku za hatari kubwa. Habari hutumwa kwa simu za mkononi, redio na magazeti. Maji ya kunywa hugawiwa, bustani huachwa wazi ili watu wapate kivuli, na waganga na wauguzi hufundishwa kumtambua aliyepigwa na joto. Waliolinganisha miaka ya 2014 na 2015 na ile ya kabla ya mpango walikadiria kwamba watu kama 1,190 kwa mwaka waliepushwa na kifo.

Mwaka 2017 likaja jambo jingine: chokaa. Mapaa ya nyumba za maskini, kadiri ya 3,000, yalipakwa rangi nyeupe. Cheupe hurudisha jua, cheusi hulimeza. Chini ya paa la namna hiyo joto laweza kupungua kwa digrii 2 hata 5.

JE, VIYOYOZI?

Pengine utauliza, mbona wasinunue viyoyozi tu? Kiyoyozi chafaa, na hospitalini chaweza kuokoa roho. Lakini hakiliui joto. Hulitoa chumbani na kulitupa njiani, kwa jirani asiye nacho. Tena chala umeme mwingi, na umeme wa makaa au mafuta huzidi kuipasha dunia moto. Baba Mtakatifu Fransisko alikitaja chombo hicho katika waraka wake Laudato Si' wa 2015, alipoonya juu ya desturi zinazozidi kuidhuru dunia. Kwanza kivuli, upepo na paa jeupe; mashine ije baadaye, palipo na haja. Mji wa Medellín, huko Kolombia, ulianza mwaka 2016 kupanda miti kando ya barabara na mifereji katika njia 30, na humo joto limepungua kwa digrii kama 2.

NASI JE?

Ukimpigia mtoto wako simu, mwulize habari ya paa lake. Mwambie apake bati rangi nyeupe mwenye nyumba akikubali, anywe maji kabla ya kiu, na abishe hodi kwa mzee anayekaa peke yake. Mtu akiwa na mwili wa moto sana, akaanza kupayuka au kuzimia, huyo amepigwa na joto. Mpelekeni kivulini, mloweshe nguo zake maji, mpepeeni, na kumfikisha hospitali upesi. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Na kijiji chenu nacho? Penye njia panda maduka yameanza kusimama, na pengine mwembe wa zamani umekwisha kutiwa alama ya shoka. Hapo ndipo mji unapoanza. Katika mkutano wa kijiji ujao, kabla viwanja havijagawiwa, ulizeni njia itakuwa na upana gani, upepo utapita wapi, na miti ipi itabaki. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na mwembe uliokatwa leo, kivuli chake watakingoja wajukuu.