Fahamu: Kwa nini saa nyingine za mitambo hazitengenezeki

Mpelekee fundi wa Moshi saa ya ufunguo ambayo mzee wa Marangu aliinunua kwa pesa za kahawa. Atafungua mfuniko, abane lenzi jichoni, achomoe magurudumu kwa kibano, ayasafishe na kutia tone la mafuta. Saa itatembea tena, maana ilifungwa kwa skrubu na kila kipande hutoka peke yake.

Siku hizi baadhi ya saa za bei nafuu zina vipande vya plastiki. Si jambo jipya. Kampuni ya Tissot ilitoa saa yenye mashine ya plastiki mwaka 1971. Saa isipotengenezeka wengi huilaumu plastiki, nami naona wanaionea. Ni nyepesi, haishiki kutu, na haihitaji mafuta mengi. Saa ya Seiko yenye mashine ya 7S26 ina plastiki kwenye sehemu ya kalenda, lakini hufunguka na kutengenezwa.

Kinachoudhi ni mashine iliyozibwa. Sistem51 ya Swatch, iliyotoka mwaka 2013, ina vipande 51 tu, huunganishwa na mitambo kiwandani, kisha kasha linafungwa moja kwa moja. Ikikwama, fundi hana pa kuingiza bisibisi. Anayeishi Kibosho atairudisha wapi?

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: mfuniko wa nyuma unafunguka? Na spea zake zinauzwa? Muuzaji akisitasita, mwoneshe kwanza fundi wako saa hiyo.