Spea Ndani ya Chipu

Chipu ya H100 ya Nvidia, iliyogombewa na kampuni za akili mnemba, ilichorwa ikiwa na vitengo 144 vya kukokotoa. Anayenunua ile ya daraja la juu anapata 132. Vingine 12 ni spea: huzimwa kabla chipu haijatoka kwa mtengenezaji. Katika transista bilioni 80 hapakosi zilizozaliwa na kasoro, na kama kila chipu ingetakiwa iwe kamili, nyingi mno zingeishia jalalani. Sony ilifanya hivyohivyo mwaka 2006: chipu ya PlayStation 3 ilikuwa na vichakataji vidogo vinane, ikaahidi saba tu.

Nadharia ya kupata mtambo wa kutegemewa kutokana na vipuri visivyotegemewa ni ya mwanahisabati John von Neumann, aliyeifundisha katika chuo cha Caltech mwaka 1952. Kazi moja ifanywe na sehemu kadhaa, kisha wengi wape. Kama kila sehemu hukosea mara 1 katika 100, tatu zikipigiana kura kosa hushuka hadi kama mara 3 katika 10,000. Tatizo ni bili: silikoni mara tatu, umeme mara tatu, na msimamizi wa kura naye anaweza kuharibika. Mbunifu wa kompyuta Gene Amdahl alijaribu njia hiyo kwenye kisahani kizima cha silikoni kupitia kampuni yake ya Trilogy, akakusanya zaidi ya dola milioni 200, na kufikia 1984 mradi ulikuwa umekwama.

Kampuni ya Cerebras ilifanikiwa mwaka 2019 kwa kutumia spea badala ya kura, katika chipu ya milimita za mraba 46,225 yenye viini, yaani vitengo vya kukokotoa, 400,000. Spea zake ni kama asilimia moja tu. Kiini kikifa, njia za mawasiliano hukizunguka.

Lakini spea haina kazi mpaka kasoro ijulikane; kwa hiyo, kwa maoni yangu, ushindani wa kesho utakuwa kwenye upimaji wa chipu zaidi kuliko utengenezaji wake. Kompyuta ya majaribio ya Hewlett-Packard, Teramac, ilikuwa na kasoro zipatazo 220,000 na bado ikafanya kazi, kwa sababu kila kasoro ilitafutwa na kuandikwa. Muda huo wa kutafuta ni gharama.

Spea, hata hivyo, haisaidii kwa kosa la ghafla, kwa mfano chembe ya mionzi inapogeuza biti moja. Hapo seva hulipia biti za ziada za ulinzi, kwa jadi 8 kwa kila 64 za data. Kompyuta nyingi za nyumbani huuzwa bila ulinzi huo.