Ute Tangini Una Mlishaji Wake

Utando wa kijani kibichi chenye usamawati hutanda juu ya changarawe ya tangi la samaki, ukapanda majani ya mimea na kufika kwenye kioo. Ukiuvuta kwa kidole hubanduka vipande vipande kama utando wa maziwa yaliyochemka, huku ukitoa harufu ya udongo na uvundo. Ukiuondoa leo, baada ya siku chache umerudi. Watu wengi huuita mwani, na jina hilo ndilo linalowapoteza njia. Mwani wa kawaida hung'ang'ania kioo hata kuukwangua ikawa kazi. Utando huu mlaini ni kundi la bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, kama mimea ifanyavyo. Wataalamu huwaita sainobakteria. Ni viumbe wakongwe mno: oksijeni ilipoanza kujikusanya katika anga la dunia, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, ilitokana na kazi yao.

Bakteria hawa huwa wamo tangini hata maji yanapoonekana safi, kwa hiyo swali la maana ni nani anayewalisha. Jibu langu ni kwamba anayewalisha ni mwenye tangi, kwa mkono ule ule unaowalisha samaki. Chakula cha samaki cha dukani kwa kawaida hutengenezwa kwa unga wa samaki, mifupa ikiwemo, na humo mna fosforasi nyingi. Samaki wakishiba, punje zinazobaki huzama kwenye changarawe na kuoza, na kinyesi chao huongezeka juu yake. Ongeza taa inayowaka kutwa nzima, au dirisha la jua, na kona ambayo maji hayatembei. Utando umepata kila unachohitaji. Jambo hili hili, kwa ukubwa wa kutisha, huonekana katika Ghuba ya Winam upande wa Kisumu, ambako jamaa wa bakteria hao hugeuza maji kuwa kama rangi ya kupaka nyumba. Mbolea ya mashamba na maji machafu ya mji hutiririkia humo, na ghuba yenyewe imeungana na Ziwa Victoria kwa mlango mwembamba, hivyo maji yake hayabadiliki upesi.

Wapo watakaosema wamepima maji yao na hawakukuta naitreti wala fosfati, basi chakula hicho kiko wapi? Kipimo huonyesha kilichobaki ndani ya maji. Kilichokwisha kuliwa na utando hakionekani, sawa na mtu anayetafuta ubwabwa kwenye sahani iliyolambwa. Isitoshe, baadhi ya sainobakteria wanaweza kuchukua naitrojeni moja kwa moja kutoka hewani, kwa hiyo naitreti ikiisha, wao huendelea kuishi huku mimea ya tangini ikidhoofika. Watu wengine hutegemea samaki wa kula ute. Sato anauweza: watafiti waliomchunguza katika Ziwa George, Uganda, walikuta tumbo lake lina asidi kali inayomwezesha kumeng'enya bakteria hawa. Lakini sato haenei katika tangi la sebuleni, na samaki wa mapambo wanaouzwa kama wasafishaji kwa kawaida huupita utando huu bila kuugusa, huku wakiongeza kinyesi chao.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la dawa. Kwa kuwa ni bakteria, erithromaisini huwaua kweli, tena upesi, na sishangai mtu aliyechoka akiikimbilia. Ila dawa hiyo ni ya kutibu watu, na kuimimina tangini ni kuwazoesha vimelea kuistahimili. Utando unaokufa wote kwa pamoja nao huoza, hula oksijeni na kutoa amonia, na samaki ndio wanaolipa. Chakula kilichoulisha bado kiko pale pale chini. Kumwaga maji yote na kuosha kila kitu kwa maji ya bomba ni kosa jingine, maana klorini huua bakteria wema wa kwenye chujio wanaovunja amonia.

Njia ninayoiamini ni ya polepole. Nyonya utando na uchafu wa changarawe kwa mpira, bila kuuanzisha mpira kwa mdomo, kwani baadhi ya bakteria hawa hutoa sumu. Badilisha robo ya maji kila wiki, na sponji ya chujio isuuze ndani ya maji uliyoyatoa tangini. Lisha kiasi kinachokwisha ndani ya dakika 2. Taa iwake saa 6 hadi 8 kwa siku. Ikiwa utando ni mwingi, baada ya kuunyonya funika tangi kwa nguo nzito siku 3 au 4, pampu ya hewa ikiendelea kufanya kazi usiku na mchana, kisha badilisha maji tena. Katika wiki zinazofuata huenda utando mwembamba ukachomoza mahali fulani. Papasa hapo: mara nyingi utakuta maji yametulia au uchafu umejaa chini, na hapo ndipo pa kuelekeza mdomo wa chujio.