Eosinofili: Biolojia ya Seli na Utata wa Kufasiri Idadi Yake katika Damu

Eosinofili ni aina ya seli nyeupe za damu iliyobainishwa na Paul Ehrlich nchini Ujerumani mwaka 1879, alipoona kwamba chembechembe zilizomo ndani yake hufyonza rangi ya eosini na kuonekana nyekundu chini ya hadubini. Hutengenezwa katika uboho kwa kuchochewa zaidi na interleukini-5, hukaa katika damu kwa saa chache tu, kisha huhamia katika tishu, hasa za utumbo, ambako huishi kwa siku kadhaa. Hivyo basi, kipimo cha damu huhesabu zile zilizo safarini tu. Hoja hii ni ya msingi, ingawa husahaulika kwa urahisi pale karatasi ya majibu inapokuwa na tarakimu moja inayovutia macho.

Kwa kawaida idadi hiyo haizidi 500 katika kila mikrolita ya damu. Ikivuka 1,500 na kudumu, viungo huwa hatarini, kwa kuwa protini za chembechembe hizo ni sumu kwa kimelea na kwa mwenyeji vilevile. Katika baadhi ya aina za pumu huharibu utando wa njia ya hewa. Katika moyo huweza kuacha makovu, kama alivyoeleza Löffler nchini Uswisi mwaka 1936. Ugonjwa unaofanana na huo ulielezwa na Davies mjini Kampala mwaka 1948, lakini uhusiano wake na eosinofili unabishaniwa hadi leo.

Katika mazingira ya Afrika Mashariki, ongezeko la eosinofili aghalabu hufasiriwa kuwa dalili ya minyoo. Ufasiri huo una mashiko, ila hauthibitishi kwamba seli hizo ndizo zinazowaua minyoo hao. Mwaka 1975, Butterworth na wenzake walionyesha maabarani kwamba eosinofili, zikisaidiwa na kingamwili, huharibu mabuu machanga ya kichocho. Hata hivyo, panya waliozalishwa bila eosinofili walipoambukizwa kichocho, wingi wa minyoo haukutofautiana na ule wa panya wa kawaida. Katika maambukizi ya Trichinella matokeo yalishangaza zaidi: mabuu yaliyo katika misuli yalikufa kwa wingi pale eosinofili zilipokosekana, kana kwamba seli hizo huwalinda wapangaji wao. Inaelekea kwamba kazi ya eosinofili hutegemea aina ya kimelea, hatua ya ukuaji wake na tishu anamokaa.

Utata huu si wa nadharia pekee. Mnyoo aitwaye Strongyloides stercoralis huweza kujiambukiza upya ndani ya mtu yuleyule na kudumu kwa miongo kadhaa, pengine bila dalili nyingine isipokuwa eosinofili nyingi. Mgonjwa wa namna hiyo anapokohoa na kubanwa na kifua, huweza kudhaniwa kuwa na pumu na kupewa steroidi. Dawa hiyo hupunguza eosinofili, na kipimo kinachofuata huonekana kizuri. Wakati huohuo, mabuu huongezeka, hupenya ukuta wa utumbo wakiwa wamebeba bakteria, na mgonjwa huweza kufariki. Idadi ndogo ya eosinofili katika hali hiyo ni ishara mbaya, si nafuu.

Ndiyo maana mgonjwa aliyeishi katika maeneo yenye mnyoo huyo hustahili kupimwa, au kupewa ivermektini, kabla ya kuanzishiwa steroidi. Aidha, katika sehemu za Kongo ambako Loa loa hupatikana, ivermektini nayo huhitaji tahadhari: mtu mwenye mabuu mengi ya Loa loa katika damu huweza kupata madhara makubwa ya ubongo, hivyo damu yake hupaswa kuchunguzwa kwanza, ikichukuliwa mchana, wakati mabuu hayo yanapozunguka kwa wingi.