Namba 4,294,967,297 na Kanuni ya Mifano Mitano

Namba iliyo katika anwani ya makala hii haisomwi kwa namna moja na Waswahili wote. Vitabu vya Tanzania na Kenya huihesabu kwa bilioni. Sisi wa Kongo, tuliojifunza hesabu kwa Kifaransa, twaihesabu kwa miliari, kwani katika Kifaransa bilioni ni milioni ya milioni. Kwa hiyo tutaiandika kwa tarakimu, kisha tutazame tabia yake na funzo linalomhusu mtafiti wa lugha.

Namba tasa ni namba nzima izidiyo 1 ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa mfano 7 ni tasa; 9 si tasa, kwa kuwa ni 3 × 3. Tuanze na 2, kisha kila tunachopata tukizidishe kwa chenyewe: 2, 4, 16, 256, 65,536. Tukiongeza 1 juu ya kila moja, twapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni tasa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, alieleza imani yake kwamba mfululizo huo hutoa namba tasa daima, ingawa hakuwa na uthibitisho.

Namba ya sita ndiyo 4,294,967,297. Kama si tasa, lazima igawanyike kwa mojawapo ya namba tasa 6,542 zilizo chini ya 65,537. Kuzijaribu zote kwa mkono ni kazi ya kuchosha. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Baadaye alithibitisha kwamba kigawo tasa cho chote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, hubakiza 1. Sharti hilo lapunguza kazi mno: tunajaribu 193, 257, 449, 577, na mara ya tano twafika:

641 × 6,700,417 = 4,294,967,297.

Hadi leo, baada ya zile tano, hakuna namba tasa nyingine iliyopatikana katika mfululizo huo.

Mwanaisimu naye hukumbana na hatari hiyo hiyo. Anayekusanya kitabu, kiti, kisu, kijiko na kikombe ataona kwamba nomino zenye ki- hudai kiambishi ki- katika kitenzi: kisu kimepotea. Mfano wa sita ukiwa kijana, kanuni yaanguka, kwani twasema kijana amepotea. Hapo maana ya kiumbe hai imeshinda umbo la neno.

Mwanafunzi anayeandaa tasnifu asiridhike basi na wingi wa mifano inayomkubalia. Aulize kwanza ni sababu gani inayoifanya kanuni isimame, kisha autafute kwa makusudi mfano unaoweza kuiangusha.