Safari ya ugenini: Ramani ipi ianze kikosi cha kwanza kwenye simu?

KENGEJA, Pemba. Shabiki wa Kengeja anayetaka kuiona timu yake ikicheza Uwanja wa Benjamin Mkapa ana mechi mbili. Ya kwanza ni ya njiani: gari hadi Mkoani, boti hadi Unguja, boti hadi Dar es Salaam, kisha Temeke, begi mgongoni na bando la kuungaunga. Ya pili ndo ile ya dakika 90. Akipoteza ya kwanza, ya pili ataisikiliza redioni.

Safari za namna hii zinaongezeka. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilipigwa Gombani, Chake Chake, na Zanzibar Heroes wakalibakisha nyumbani kwa kuifunga Burkina Faso fainali. Agosti mwaka huohuo CHAN ikachezwa Tanzania, Kenya na Uganda, huku Amaan ikiwa miongoni mwa viwanja. Nchi hizohizo tatu ndizo zilizopewa uenyeji wa Afcon 2027.

Kila simu janja ina ramani. Swali ni ipi ya kuiamini bando likikata saa tatu usiku, mtaa ni wa ugenini na simu ina chaji asilimia 15.

BANDO SI RAMANI

Wengi hudhani bando likiisha, ramani nayo imekufa. Sivyo. Alama ya mahali ulipo inatokana na satelaiti za GPS, zilizo kiasi cha kilomita 20,000 juu ya dunia. Simu inapokea tu mawimbi yake, haitumii hata MB moja. Kinachokula bando ni picha ya ramani yenyewe. Ikishapakuliwa mapema, kazi inaendelea hata pasipo na mnara.

Umuhimu wake unaonekana filimbi ya mwisho ikilia kwa Mkapa. Uwanja unabeba watu 60,000. Wote wanatoka kwa pamoja, nusu yao wakipiga simu, mtandao unagoma na daladala zimejaa hadi mlangoni. Wengi wanaanza kutembea. Hapo ndo ramani inapopimwa.

GOOGLE MAPS: STAA MWENYE MASHARTI

Huyu anajulikana na wote, na mara nyingi huja ndani ya simu. Mtandao ukiwepo, kumkaba ni shida: anaonyesha foleni, hoteli, gesti, saa za kufungua na kufunga. Kwa jiji kama Dar siku ya dabi, taarifa ya foleni pekee inatosha kumpa namba.

Tatizo ni mtandao ukizima. Anakubali kupakuliwa, lakini bila intaneti anatoa maelekezo ya gari, si ya mtembea kwa miguu. Pia ramani iliyopakuliwa ina muda wake, isipofanyiwa marekebisho inaisha. Kwa mtu mwenye begi mgongoni, huyo ni mshambuliaji hatari asiyecheza mvua ikinyesha.

ORGANIC MAPS: BEKI WA KAZI

Programu hii ilianza mwaka 2021, ikitengenezwa na baadhi ya waasisi wa Maps.me baada ya ile ya kwanza kubadilisha wamiliki. Ni ya bure, haina matangazo na ni nyepesi kwa simu ya kawaida. Ukishapakua eneo, inatafuta mahali na kukuongoza kwa miguu bila intaneti. Haionyeshi foleni, na gesti iliyofunguliwa mwezi uliopita huenda haimo. Ila njia ya miguu inaijua.

Inaijua kwa sababu inatumia OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha. Dar es Salaam imenufaika sana. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora vichochoro na mitaro ya maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Kichochoro kilichochorwa kwa ajili ya mafuriko leo kinamtoa shabiki mtaani hadi barabara kuu.

Visiwani nako kazi ilifanyika. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani, wakishiriki Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA.

OSMAND: KIRAKA

Nayo inatumia OpenStreetMap, ila ina vifaa vingi zaidi. Inarekodi njia uliyopita ili urudi nayo, na unaweza kuipangilia kila kitu. Baadhi ya huduma ni za kulipia na menyu zake zinachosha mwanzoni. Inamfaa mtu wa safari ndefu, kwa mfano mgeni aliyekuja Pemba kwa Mapinduzi na siku ya mapumziko anataka kutembea Msitu wa Ngezi. Akumbuke tu kuwa chini ya miti mikubwa simu inaweza kuchelewa kunasa satelaiti.

MECHI YA MAJARIBIO IPIGWE NYUMBANI

Hakuna kocha anayemwanzisha mchezaji fainali bila kumuona mazoezini. Kabla ya kukata tiketi ya boti, shabiki apakue ramani ya Zanzibar na ya anakokwenda akiwa kwenye waifai. Kisha abonyeze alama ya ndege ili simu ikate mtandao, ahakikishe GPS imewashwa, na atembee Kengeja yenyewe: kutoka nyumbani hadi skuli, hadi uwanjani, hadi kituo cha gari.

Aangalie mambo matatu. Je, vichochoro anavyovijua vimo? Akiandika jina la mahali kama wenyeji wanavyolitaja, linapatikana? Na saa moja ya kutembea imekula chaji kiasi gani?

Ramani inayopotea Kengeja, mahali ambapo mwenye simu anaijua kila njia, isipewe jezi Temeke. Na njia ikikosekana, dawa ipo. Airekodi kwa OsmAnd, kisha akifika penye intaneti aichore OpenStreetMap. Mgeni atakayeshuka Mkoani kwa Mapinduzi nyingine ataikuta.

BAMVUA HAIMO KWENYE RAMANI

Kwa Pemba kuna onyo moja. Ufuo umejaa hori na mikoko. Kwenye kioo, kijiji cha pili kinaweza kuonekana kilomita mbili tu, kumbe katikati kuna maji. Na njia inayopitika maji yakipwa inaweza kuzama yakijaa. Wakati wa bamvua, tofauti ya kina hufika karibu mita nne. Programu haitamwambia msafiri hayo. Mvuvi atamwambia.

KIKOSI CHA SAFARI

Kwa shabiki wa kawaida, Organic Maps aanze. Google Maps akae benchi, aingie bando likiwepo na foleni ikiwa tatizo. OsmAnd aitwe kwa safari za porini na milimani.

Ndani ya ramani ziwekwe alama nne kabla ya kuondoka: bandari, gesti, uwanja na mahali pa kukutana na wenzake mechi ikiisha. Mwangaza wa kioo upunguzwe, na pawabenki iwe imejaa chaji. Jina la gesti na namba ya simu ya mwenzake aziandike pia kwenye karatasi, zikae mfukoni. Betri ikizima, karatasi hiyo na mwenyeji wa kumuuliza njia ndo wachezaji wake wa akiba.