Nchi Jirani: Nani Humchagua Rais wa Somalia?

MTANGAZAJI: Leo katika Nchi Jirani tunaitazama Somalia. Kenya na Tanzania, mwananchi hupanga foleni na kumpigia rais kura kwa mkono wake. Somalia imekuwa tofauti. Mara ya mwisho wananchi wa nchi nzima kupiga kura ya vyama vingi ya kuwachagua wabunge ilikuwa Machi 1969. Oktoba mwaka huo jeshi lilichukua madaraka.

Basi rais hupatikanaje? Tuchukue uchaguzi wa 2022.

Ngazi ya kwanza ni wazee wa koo. Hao walishiriki kuwateua wajumbe, 101 kwa kila kiti cha Bunge. Viti ni 275, kwa hiyo wajumbe walikuwa 27,775.

Ngazi ya pili, wajumbe hao waliwachagua wabunge. Wengi wa maseneta 54 nao walichaguliwa na mabunge ya majimbo.

Ngazi ya tatu, wabunge na maseneta walikutana na kumchagua rais kwa kura ya siri. Asiyepata theluthi mbili katika duru mbili za kwanza hana ushindi. Duru ya tatu ni ya wawili walioongoza, na mwenye kura nyingi hushinda. Mei 15, 2022, Hassan Sheikh Mohamud alishinda kwa kura 214 dhidi ya 110 za Mohamed Abdullahi Mohamed, anayejulikana kama Farmaajo.

Utaratibu huu una sababu zake. Vita vilivunja taasisi za serikali, al-Shabaab walishika maeneo mengi, na hakukuwa na daftari la wapiga kura la nchi nzima. Wengi waliona heri njia hii kuliko kukosa serikali kabisa.

Lakini kasoro zake ni nzito.

Kwanza, fedha. Wapiga kura wakiwa wachache, ni rahisi kuwanunua. Katika uchaguzi uliotangulia, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali alisema hadharani kwamba kura zilikuwa zikiuzwa.

Pili, usawa. Viti hugawanywa kwa kanuni iitwayo nne na nusu. Koo nne kubwa hupata viti 61 kila moja, na jamii nyingine zote kwa pamoja hupata 31. Wanawake waliahidiwa asilimia 30 ya viti, lakini idadi hiyo haikufikiwa 2017 wala 2022.

Tatu, ucheleweshaji. Muhula wa Farmaajo uliisha Februari 2021 kabla wanasiasa hawajakubaliana jinsi ya kuendesha uchaguzi. Aprili wabunge wakauongeza kwa miaka miwili. Risasi zikarindima Mogadishu, na familia nyingi zikayahama makazi yao. Mei 1 Bunge likaufuta uamuzi huo, lakini rais mpya alipatikana baada ya mwaka mzima.

Nne, uwajibikaji. Mbunge aliyeteuliwa na watu 101 huwajibika kwa hao, na kwa wakubwa waliowapanga. Mama anayetafuta maji kijijini hana kura ya kumnyima.

Msikilizaji, rais kuchaguliwa na Bunge si kosa peke yake. Afrika Kusini pia Bunge ndilo humchagua rais, lakini kwanza wananchi wote wazima hupigia kura vyama vinavyounda Bunge hilo. Tatizo la Somalia liko chini ya ngazi: pale mwananchi angepaswa kukanyaga kwanza, amesimama mtu mwingine kwa niaba yake.

Na ukubwa wa pengo hilo mnaweza kuupima hapo mlipo. Wajumbe wote 27,775 ni wachache kuliko wakazi wa Hagadera, kambi moja tu ya Dadaab.

Machi 2024 Bunge la Somalia lilipitisha mabadiliko ya katiba kuelekea mtu mmoja, kura moja. Jimbo la Puntland likayapinga. Ndiyo kusema, hata njia ya kuirudisha kura kwa wananchi inahitaji maelewano.

Katika kikundi chenu cha kusikiliza, jadilini: viongozi wa kambi yenu hupatikanaje? Nani huachwa nje, na afanye nini ili sauti yake isikike?